Kalamu ya Wakili Mfawidhi: Mashtaka Kabla ya Mahakama (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza Ibara ya 59B ya Katiba ya Tanzania, inayompa Mkurugenzi wa Mashtaka mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka yote ya jinai nchini, na inayomtaka asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote. Leo tunashuka hadi ofisi ya mkoa, ambako mamlaka hayo hutumika kila siku kwa mkono wa Wakili wa Serikali Mfawidhi. Wengi wetu tukimfikiria, tunamwona amesimama mahakamani akimhoji shahidi. Lakini sehemu nzito ya kazi yake hufanyika mezani, akisoma majalada yaliyoletwa na wapelelezi na kuamua lipi liende mbele, lipi lirudi na lipi lifungwe. Hoja yangu ni kwamba hapo ndipo apimwe: kwa uamuzi anaoufanya juu ya jalada na sababu anazoziandika, zaidi ya idadi ya watu waliofungwa kwa kesi zake.

Tutazame kilichomo ndani ya usomaji huo. Jalada la unyang'anyi wa usiku likisema shahidi alimtambua mshtakiwa, mfawidhi hana budi kuuliza taa ilikuwa wapi, ilikuwa na nguvu kiasi gani, shahidi alikuwa umbali gani, tukio lilichukua muda gani, na kama alimfahamu mtu huyo kabla. Maswali hayo yamewekwa na Mahakama ya Rufani tangu uamuzi wake wa mwaka 1980, uliosema kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu kuliko aina nyingi nyingine na usiaminiwe mpaka uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Jalada la dawa za kulevya nalo lina maswali yake. Nani alikamata kielelezo, nani alikipokea, kilihifadhiwa wapi, kilifikaje kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na je, kila hatua imeandikwa? Maelezo ya onyo nayo yana saa zake: sheria inampa polisi saa nne za msingi za kumhoji aliyekamatwa, na zikizidi bila kuongezwa kwa utaratibu, maelezo hayo yanaweza kuondolewa kabisa kwenye kumbukumbu za shauri. Mapungufu haya yote yanaonekana kwenye karatasi kabla hati ya mashtaka haijaandikwa. Kinachosikitisha ni kwamba mengi huja kugunduliwa kwenye rufaa, mshtakiwa akiwa amekaa gerezani miaka, na aliyetendewa uhalifu akiwa tayari ameshaamini kwamba haki yake imepatikana.

Watu husema kwamba jalada bovu likienda mahakamani halina madhara, kwa kuwa hakimu atamwachia asiye na hatia. Hesabu ya muda inakanusha maneno hayo. Kwa makosa yanayosikilizwa na mahakama za chini, kifungu cha sheria ya mwenendo wa jinai ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 225 kinaweka ukomo wa siku 60 za kuahirisha shauri kabla ya kusikilizwa. Lakini hati ya mkuu wa upelelezi wa mkoa huongeza muda huo, kisha hati ya wakili wa serikali, kisha ya Mkurugenzi wa Mashtaka mwenyewe, hadi jumla ya miezi 24. Kwa makosa yanayosubiri Mahakama Kuu, hata ukomo huo haupo kwa namna hiyo. Yapo pia makosa yasiyo na dhamana, yakiwemo mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Mahakama Kuu iliona mwaka 2020 kwamba katazo hilo linakiuka Katiba, lakini mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo na katazo likabaki. Basi anayechagua kuongeza utakatishaji fedha kwenye hati ya mashtaka anakuwa pia ameamua mtu akae mahabusu, kabla shahidi hata mmoja hajala kiapo. Marekebisho ya sheria yaliyofanywa mwaka 2022 yalitaka shtaka lisifunguliwe kabla ya upelelezi kukamilika, hatua ninayoiheshimu sana. Lakini makosa makubwa yaliachwa nje, na ndiko kusubiri kunakouma zaidi.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mfawidhi akiuchambua ushahidi hivi atageuka hakimu na kuwahukumu watu faraghani. Pingamizi hili lina uzito, ila linachanganya vipimo viwili. Hakimu huuliza kama kosa limethibitishwa pasipo shaka; mwendesha mashtaka huuliza kama ushahidi alionao, ukisimama kama ulivyo, una matarajio ya kweli ya kumtia mtu hatiani. Kenya, ambako Ibara ya 157 ya Katiba ya 2010 inaiongoza ofisi kama hii, ilitoa mwaka 2019 mwongozo wa uamuzi wa kushtaki unaopitia ngazi mbili: ushahidi kwanza, halafu maslahi ya umma. Kushindwa ngazi ya kwanza kunatosha kusimamisha jalada, hata kama umma umekasirika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mwenye mamlaka ya kufunga jalada anaweza kununuliwa alifunge. Siwezi kulipuuza, na sioni jibu lake katika kumnyang'anya mfawidhi mamlaka hayo, maana rushwa inaweza pia kufungulia mtu kesi ya uongo. Jibu ni maandishi. Kila jalada linalofungwa liwe na sababu zinazotaja kipengele cha kosa kisicho na ushahidi, zisomwe na mkubwa wake, na mlalamikaji aelezwe kwa lugha anayoielewa na apewe njia ya kuomba mapitio. Kenya imekwenda mbali zaidi, kwani Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi kusitisha kesi bila ruhusa ya mahakama. Kwetu, Mkurugenzi anaweza kusema mbele ya hakimu, wakati wowote kabla ya hukumu, kwamba hana nia ya kuendelea, na kwa njia hiyo mshtakiwa huachiwa bila kinga kamili ya kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Wapo waliofurahia kuachiwa, kisha wakakamatwa tena palepale mlangoni. Kwa kuwa mlango wa mahakama ni mwepesi namna hiyo, ulinzi unabidi uwe ndani ya ofisi.

Utasemwa pia uhaba wa watu. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ilitenganishwa na ile ya Mwanasheria Mkuu mwaka 2018, na kusambaza mawakili hadi wilayani ni kazi ndefu. Nakubali. Hata hivyo, wakili akisoma jalada vizuri kwa siku moja anaokoa safari nyingi za mahakamani za kuomba tarehe nyingine. Kila mkoa utangaze majalada yaliyopokelewa, yaliyorudishwa na yaliyofungwa, pamoja na muda ambao jalada hukaa mezani. Takwimu za hukumu peke yake humsukuma mfawidhi kuchagua kesi rahisi na kuziacha kesi za wakubwa, ambazo ushahidi wake ni mgumu kukusanya.

Juma lijalo tutaangalia makubaliano ya kukiri kosa yaliyoingizwa kwenye sheria mwaka 2019, na swali la nani humlinda mshtakiwa asiye na dhamana anapokaa mezani na wakili huyuhuyu.