Ndai ya buda, macho mapya: Boresha taa za gari la kale bila kumpofusha mwenzako

SAA kumi na moja na nusu alfajiri Kabianga, ukungu umelalia mashamba ya chai na barabara haionekani hatua ishirini mbele. Wachumaji chai wako njiani tayari, wanatembea kando ya lami. Mbele yao kuna trekta inayovuta trela, na nyuma nduthi yenye taa moja hafifu.

Sasa weka kwenye barabara hiyo gari la spoti la miaka ya sabini, lile ambalo buda au guka aliliacha chini ya kibanda na wewe umelifufua. Injini inanguruma fiti, rangi inang'aa, lakini ukiwasha taa unapata mwanga wa rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo mchezo unapoisha. Gari linalokimbia kuliko macho yake linaweza kuua mtu.

Magari haya si mageni kwetu. Kabla ya kizazi cha "Vasha", Safari Rally iliyoanza mwaka wa 1953 ilikuwa mbio za siku kadhaa, usiku na mchana, maelfu ya kilomita. Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye boneti ndefu, lilishinda mwaka wa 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, msoma ramani wake akiwa Hans Schuller. Mwaka wa 1973 likashinda tena, safari hii na Shekhar Mehta na Lofty Drews.

Tangu 2003 tuna pia East African Safari Classic Rally, inayorudisha magari ya enzi hizo kwenye vumbi na matope.

Shida ni kwamba picha za mbio hizo zimewaponza vijana wengi. Mtu anaona gari lenye taa kubwa nne kwenye bampa, naye anakimbia Grogan kununua nne zake. Hajiulizi umeme wa kuziwasha utatoka wapi.

Piga hesabu kidogo. Taa nne za wati 100 kila moja ni wati 400. Gawanya kwa volti 12, unapata zaidi ya ampea 33. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya sitini, kama MGB za kwanza, yalikuwa na dainamo ya ampea 22 pekee. Ukiwasha taa zote hizo, betri inanyonywa kila dakika, na unaweza kuzimikiwa na gari katikati ya mashamba usiku.

Kwa hivyo kabla ya kutoa chapaa yoyote, anza na kile ulicho nacho.

Taa mbili za kawaida za wati 55 hula kama ampea 9. Kwenye Datsun 240Z, umeme huo wote hupitia swichi iliyo kwenye shina la usukani kabla ya kufika mbele, kwani gari lilitoka kiwandani bila relei za taa. Waya ni mwembamba, una miaka hamsini, na shaba yake imeshika kutu ya kijani. Mvua ya Kericho, inayonyesha karibu kila alasiri, haijasaidia.

Matokeo yake ni kwamba volti zinapotea njiani. Chukua mita, washa injini na taa, pima kwenye betri, kisha pima nyuma ya taa yenyewe. Ukipata 13.5 kwenye betri na 12 kwenye taa, usidhani hasara ni ndogo. Mwanga wa balbu yenye uzi hushuka haraka kuliko volti. Upungufu huo wa volti moja na nusu unakupokonya karibu thuluthi moja ya mwanga.

Dawa yake ni relei. Hii ni swichi ndogo inayoendeshwa na umeme kidogo sana ili kufungulia umeme mwingi. Unavuta waya mnene mpya moja kwa moja kutoka kwa betri hadi kwa taa, kupitia relei mbili, moja ya dim na nyingine ya full. Swichi ya zamani kazi yake sasa ni kuamsha relei tu, kwa hivyo haichemki wala kuyeyuka.

Mambo mawili usiruke. Kwanza, weka fyuzi karibu na betri kwa kila waya mpya, maana waya usio na fyuzi ukisugua bodi ni moto. Pili, tengeneza ethi mpya. Kwangua rangi mpaka uone chuma, funga waya, kisha paka grisi kuzuia kutu. Fundi wa umeme anayejua kazi atamaliza shughuli hii kwa siku moja, na relei yenyewe ni kitu cha shilingi mia chache.

Baada ya hapo ndipo uiangalie taa yenyewe. Magari mengi ya zamani yalitumia taa iliyozibwa: kioo, kiakisi na uzi vyote kitu kimoja. Ikiungua unatupa yote. Marekani ilizilazimisha kwa magari yote kuanzia 1940, na ndiyo maana ile duara ya inchi 7 ilienea dunia nzima.

Hiyo ni bahati yako. Inchi 7 ndiyo saizi ya Datsun 240Z, ya MGB na pia ya Land Rover za kale. Kwenye mji wa chai ambako Land Rover zimefanya kazi ya mashamba kwa miaka na mikaka, kupata fremu au skrubu ya taa hiyo si kazi ngumu. Nunua taa ya saizi hiyo inayochukua balbu ya H4, iliyoingia sokoni mwaka wa 1971. Balbu ikiungua unabadilisha balbu pekee.

Lakini chunga mitumba. Taa ya dim haimuliki sawa pande zote. Imetengenezwa ipandishe mwanga kidogo upande wa ukingo wa barabara na kuushusha upande wa anayekuja. Sisi tunaendesha kushoto. Taa iliyotoka Ujerumani au Ufaransa hupandisha kulia, yaani machoni mwa dereva wa matatu anayekuja. Za Japani, Uingereza na Afrika Kusini ni sawa, maana huko pia wanaendesha kushoto.

Na LED je? Hapa ndipo wengi wanapotegwa. Balbu ya LED ya bei nafuu ukiichomeka kwenye taa ya H4 itaonekana kali ajabu ukiwa mbele ya gari. Kumbe ndiyo shida yenyewe. Kiakisi kilichorwa kikitarajia mwanga utoke kwenye uzi mwembamba, mahali maalumu, wenye kikinga chake chini. LED nyingi hazikai mahali hapo, kwa hivyo mwanga unatapakaa juu. Wewe unajiona umetoboa, lakini mwenye nduthi haoni kitu kwa sekunde kadhaa. Kwenye kona ya Kabianga, sekunde hizo ni mtaro, au ni mchumaji chai.

Ukitaka LED, nunua taa nzima ya inchi 7 iliyoundwa hivyo tangu mwanzo, ya nchi zinazoendesha kushoto. Faida yake ni kwamba inakula umeme kidogo, jambo zuri kwa dainamo chovu. Ila kama gari lako ni la Kiingereza la kabla ya mwisho wa miaka ya sitini, angalia betri kwanza. Baadhi yana ethi upande wa chanya, na LED ikifungwa kinyume haitawaka, au itaungua.

Kuna wanaoogopa kuharibu uhalisia wa gari. Wana hoja. Kwenye Concours d'Elegance kule Ngong Racecourse, majaji huchungulia kila kitu. Ila waya wa relei unaweza kufichwa na kufungwa bila kukata hata waya mmoja wa kiwandani. Taa asili ziweke kwenye katoni, uzirudishe siku ya maonyesho.

Kuhusu ukungu, full haikusaidii. Mwanga unagonga matone ya maji na kukurudia kama ukuta mweupe. Baki kwenye dim na upunguze mwendo. Ukiongeza taa za ukungu, zifunge chini ya bampa, zimulike pana na chini.

Mwisho ni kulenga taa, kazi ya bure ambayo wengi huiruka. Tafuta uwanja tambarare, kibarua kweli kwenye vilima hivi; kituo cha mafuta kinaweza kufaa. Jaza upepo sawa kwenye magurudumu, mtu akae kiti cha dereva, na gari liwe mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa, kisha zungusha skrubu mpaka mstari wa juu wa dim ukae sentimita 10 chini ya kimo hicho.

Ukimaliza, ita rafiki asimame mita thelathini mbele, upande ambao gari linalokuja lingekuwa, kisha washa dim. Akifunika macho kwa mkono, rudi kwenye skrubu. Bado hujamaliza.