Siku ya Kuanza Mwaka

Swali letu la leo ni hili: Je, tarehe 1 Januari ni mwanzo wa mwaka kwa watu wote wa dunia?

Jibu: Sivyo. Sisi wa Goma twaiita sikukuu hiyo Bonane, neno lililotokana na salamu ya Wafaransa, nao majirani zetu wa Rwanda husema Ubunani. Jina lenyewe laonyesha njia tarehe hiyo iliyopita hata kutufikia: ililetwa na Wazungu. Nao waliipokea kutoka Roma, katika kalenda ya Julius Caesar ya mwaka 45 kabla ya Kristo, ambayo Papa Gregori XIII aliisahihisha mwaka 1582. Hata Ulaya hawakupatana upesi. Waingereza walihesabu mwaka tangu tarehe 25 Machi, sikukuu ya Maria kupashwa habari, mpaka mwaka 1752 ndipo walipoifuata Januari.

Waethiopia huanza mwaka mwezi wa Septemba, tarehe 11 kwa kawaida, mvua kubwa zikiisha na maua ya manjano yakifunika mashamba. Miezi yao ni 13. Ndugu zetu Waislamu hufuata mwezi wa mbinguni. Mwaka wao una siku 354 au 355, kwa hiyo mwezi wa Muharamu, ulio wa kwanza, hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka tukihesabu kwa kalenda yetu.

Lakini desturi ipasayo kutazamwa zaidi ni ile ya Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Wazee wa pwani waligawa mwaka wao kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Miongo 36 na siku 5 za kubaki, jumla siku 365. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda, na baharia alijua wakati wa pepo. Sikukuu yenyewe huitwa Mwaka Kogwa, maana yake kuoga mwaka, nayo husherehekewa mwezi wa Julai. Asili yake hutajwa kuwa Nairuzi ya Waajemi. Siku hiyo wanaume wa pande mbili hupigana kwa magogo ya migomba, kila mtu akitoa kinyongo chake cha mwaka uliopita. Wanawake hupita wakiimba. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto. Baada ya hapo watu hula pamoja, na nyumba isiyo na mgeni hujiona ina upungufu. Mgeni akiona fimbo zile huogopa, lakini hasira iliyotolewa hadharani, mbele ya wazee, hailali tena moyoni.

Huku kwetu hatupigani kwa migomba. Twakesha usiku, watoto huvaa nguo mpya na kwenda kuwaamkia babu na bibi. Ila Januari ya Goma ina kumbukumbu nzito. Tarehe 10 Januari 1977 moto wa Nyiragongo ulishuka na kuua watu. Tarehe 17 Januari 2002 ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Na mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia ndani ya mji. Basi mama wa Goma amwambiapo jirani yake “heri ya mwaka mpya”, hasemi neno la mazoea tu.

Tangu mwaka 1968, kwa wito wa Papa Paulo VI, tarehe 1 Januari imekuwa pia Siku ya Amani Duniani.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Waulizeni wazee wa ukoo wenu, kabla ya Bonane kujulikana, waliokosana walipatanishwaje mavuno mapya yalipokaribia kuliwa? Mwenye jibu alilete katika somo lijalo.