Je, Wajua? Tanki la Maji Moto Halilali

Je, wajua kwamba tanki la maji moto hula stima usiku kucha hata kama hakuna aliyeoga?

Mtu akitoka Bungoma, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, akalala Kitale kwenye mita 1,900, alfajiri ndipo anapojua kwa nini wenyeji wake hawaachi sweta nyumbani. Atadhani pia kwamba tanki la Kitale hupoa mbio kuliko la kwao. Hebu tupige hesabu. Maji yawe nyuzi 60, usiku wa Kitale uwe nyuzi 12 na wa Bungoma 16. Joto hutoka kwa kadiri ya tofauti kati ya maji na hewa: 48 huku, 44 kule. Baridi yote ile ya Kitale haiongezi hata sehemu moja ya kumi!

Kinachoamua ni vazi la tanki. Lita 150 ndani ya chuma kitupu zikiachwa saa 12 bila kupashwa, asubuhi ni uvuguvugu tu. Tanki hilohilo likivikwa povu gumu la sentimita 5, maji hushuka nyuzi tatu au nne. Povu hushika hewa katika vijishimo vidogo, nayo hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Blanketi hufanya kazi hiyohiyo.

Kwa tanki la stima, hasara hiyo hulipwa kwa tokeni. Kurudisha nyuzi 10 kwenye lita 150 kunataka takriban uniti 1.75, kwa stima hiyo balbu ya wati 10 ingewaka wiki nzima bila kuzimwa.

Mwenye paneli ya jua naye asijisifu mapema. Fundi akiweka tanki chini kuliko inavyotakiwa, usiku maji huzunguka kinyumenyume: ya moto hupanda kwenye paneli, nayo paneli huitupia mbingu joto lililovunwa mchana. Ndiyo maana tanki hukaa juu ya paneli.

Kuna wanaookoa stima kwa kupunguza moto hadi nyuzi 40. Wasifanye hivyo: bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia, hustawi katika uvuguvugu huo. Acha 60, ongeza vazi, na usisahau bomba linalotoka juu ya tanki.

Leo jioni gusa ubavu wa tanki lako kwa nje. Ukihisi joto, mwite fundi.