Makato ya Mshahara: Lazima na Hiari
Mfanyakazi asiyeelewa makato yake ni rahisi kunyonywa. Hatuna budi kuyapambanua. Nchini Tanzania, kodi ya mapato na mchango wa hifadhi ya jamii ni makato ya lazima. Katika sekta binafsi, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara. Sehemu ya mfanyakazi haizidi asilimia 10, inayobaki ni wajibu wa mwajiri. Ada ya uanachama wa chama cha wafanyakazi na akiba ya ushirika ni hiari: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai ridhaa ya maandishi.

Mwajiri akikata asipeleke, anaiba uzee wetu. Kwa hiyo kila mwezi tulinganishe hati ya mshahara na taarifa ya Mfuko. Kuuliza si utovu wa nidhamu. Ni kulinda jasho letu.