Darasa la Kwanza la Programu Lisigeuzwe Mchujo

Mwaka 2006, Saeed Dehnadi na Richard Bornat wa Chuo Kikuu cha Middlesex, London, walisambaza andiko lililowavutia walimu wengi wa programu. Wanafunzi ambao hawajafundishwa lolote waliulizwa maswali ya namna hii: a = 10, kisha b = 20, kisha a = b; sasa a ni ngapi na b ni ngapi? Waandishi walidai kuwa majibu yanatenganisha mapema watakaoweza somo na watakaoshindwa. Mwaka 2014 Bornat alitangaza hadharani kulifuta dai hilo.

Litazame swali lenyewe. Katika hisabati, alama ya usawa inasema pande mbili zinalingana, kwa hiyo mistari hiyo mitatu inapingana. Katika lugha nyingi za programu alama hiyohiyo ni amri: chukua thamani iliyo kulia, iweke kushoto. Kwa hiyo a inakuwa 20, na b inabaki 20. Aliyekwisha kuambiwa hivyo atajibu mara moja, na mwenzake mwenye akili kama yake atababaika. Tukiwaona siku ya kwanza, ni rahisi mno kumwita mmoja mwenye kipaji.

Kosa hilo lina gharama, kwa kuwa mada za somo hili zimeshikana. Asiyeelewa jinsi thamani inavyohifadhiwa hataelewa sharti, wala kitanzi kinachorudia amri mpaka sharti litimie. Pengo la wiki ya pili hupanuka lenyewe.

Chuo cha Harvey Mudd, California, kilibadilisha somo lake la mwanzo mwaka huohuo wa 2006. Wanafunzi waligawanywa katika mikondo kwa kuangalia nani amewahi kuandika programu na nani hajawahi. Maksi hazikuhusika. Lugha ya Java ilipisha Python, ambayo mwanzoni ina kanuni chache za uandishi, na baadaye ukaongezwa mkondo wa wapenda biolojia. Mikondo yote ilimwandaa mwanafunzi kwa somo linalofuata. Baada ya miaka michache, wanawake waliochagua kubobea katika kompyuta walipanda kutoka takriban asilimia 10 hadi karibu asilimia 40.

Chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, kilianzia kwenye mapenzi ya mwanafunzi. Mwaka 2003 mwalimu wake Mark Guzdial aliwaandalia wanafunzi wa sanaa, usanifu majengo na biashara somo la picha na sauti. Kitanzi chao cha kwanza kinapitia kila nukta ya picha na kupunguza wekundu wake. Kosa likitokea, linaonekana usoni mwa mtu aliye pichani, na mwanafunzi analitafuta kwa hamu. Hapo awali karibu nusu ya wanafunzi wa fani hizo walikuwa wakifeli au kuliacha somo la mwanzo la programu. Idadi ikashuka sana.

Mwalimu mwenye darasa moja na kompyuta chache hawezi kufungua mikondo mitatu. Bado anaweza kuwapa wageni wa somo programu sahihi ambayo mistari yake imevurugwa, waipange hata kwa vipande vya karatasi, huku wazoefu wakiandika yao tangu mwanzo. Na yule anayejibu kila swali kwa istilahi ngumu aitwe faraghani, asifiwe kwa dhati, aombwe ahifadhi mjadala wake hadi baada ya kipindi. Harvey Mudd walifanya hivyo pia, na waliokuwa kimya wakapata nafasi ya kuuliza.