Pasi ya Kutoka Saudia

Sanduku linapofika kutoka Saudia, nyumba huwa sikukuu. Mna tende, udi, abaya, na siku hizi pasi au birika la umeme, ambalo binti amelinunua kwa mshahara wa miezi mingi ya kuwa mbali na wanawe. Sanduku hushuka uwanja wa ndege pale Changamwe, likavuka kivuko hadi Likoni, na kufikia Ijumaa mama mtu ataka kunyosha kanzu ya mzee kwa pasi mpya. Ndipo aonapo kwamba plagi ina miguu miwili bapa, na soketi zetu zataka mitatu.

Dawa ya mtaani twaijua sote: waya hukatwa, plagi ya miguu mitatu ikafungwa. Jirani yetu wa Mtongwe alifanyiwa hivyo na kijana wa mtaa, na pasi ikashika moto haraka kuliko pasi yoyote tuliyowahi kuiona. Punde fyuzi ikakatika. Kijana hakuwa na nyingine, akatia kipande cha waya wa shaba mahali pake. Mara ya pili kilichoungua ni waya wa pasi, na kanzu, na soketi ya ukutani. Alhamdulillahi, watoto walikuwa madrasa.

Kijana aliifunga plagi sawasawa. Tatizo ni kwamba plagi haibadilishi umeme upitao ndani yake. Umeme wetu Kenya ni volti 240. Nyumba za Saudia kwa miaka mingi zilitumia volti 127 na 220, mpaka serikali yao ilipoamua mwaka 2010 kuhamia 230 hatua kwa hatua. Vyombo vya kiwango cha chini vingalipo. Volti zikizidi mara mbili, mkondo nao huzidi mara mbili, na nguvu ni zao la hivyo viwili. Kwa hiyo pasi ya volti 110 na wati 1000, ikipewa 240, hutaka kula zaidi ya wati 4,700. Fyuzi ya ampea 13 haikukusudiwa kupitisha hata 3,200. Kukatika kwake kulikuwa onyo, na onyo lile likazibwa mdomo kwa shaba.

Basi kabla ya kisu kugusa waya, pindueni chombo msome kibandiko. Kikiandikwa 220-240V, plagi yabadilishwa: waya wa kahawia kwenye mguu wa fyuzi, wa buluu mkabala wake, wa kijani na manjano kwenye mguu mrefu. Kikiandikwa 100-240V, kama chaja nyingi za simu, hakina neno. Kikiandikwa 110, 120 au 127 peke yake, chataka transfoma ya kushusha umeme, nayo ya kubeba pasi ni nzito na huenda ikapita bei ya pasi mpya. Vya kutoka Omani na Imarati kwa kawaida havina usumbufu huu, kwani volti zao zakaribia zetu na plagi ni ya miguu mitatu. Na mabinti walioko Riyadh wasomewe haya kwa simu, kabla hawajalipa.

Jirani yetu amerudia pasi ya makaa. Bintiye akiuliza, humjibu kwamba ile yake yafanya kazi vizuri.