Jina Limetoka Wapi, na Linamtaja Nani? Majina ya Nchi katika Lugha za Skandinavia

Sisi tunaosoma falsafa hukutana mapema na swali hili: jina linatuambia nini juu ya kitu kinachoitwa kwa jina hilo? Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 13, anatofautisha mambo mawili: kile ambacho jina limetokana nacho, na kile ambacho jina limewekwa ili kukitaja. Mfano wake ni jiwe. Watu wa zamani walidhani kwamba neno la Kilatini lapis limetokana na kuumiza mguu. Lakini, asema Thomas, neno hilo halitaji kila kinachoumiza mguu, la sivyo kila kitu cha namna hiyo kingekuwa jiwe.

Nimependa kuipima tofauti hiyo kwa majina ya nchi katika lugha za Skandinavia. Majina mengi huko bado yanaonyesha yalivyoundwa. Kiambishi chetu U- katika Ufaransa au Uingereza kinafanya kazi inayofanana na ya maneno yao mawili: land, yaani nchi, na rike, yaani ufalme au milki.

Majina ya nyumbani

Waswidi huiita nchi yao Sverige. Ni ufupisho wa Svea rike, milki ya Wasvea, kabila lililokaa karibu na ziwa Mälaren. Danmark limeunganisha jina la watu, Wadani, na neno mark, ambalo zamani lilikuwa na maana ya eneo la mpakani, mara nyingi lenye msitu. Jina hilo limechongwa kwenye mawe mawili ya karne ya 10 huko Jelling. Dogo liliwekwa na mfalme Gorm kumkumbuka mkewe Thyra. Kubwa ni la mwanawe Harald, na linasema kwamba alijipatia Denmark yote pamoja na Norwe, akawafanya Wadani kuwa Wakristo.

Norge, yaani Norwe, kwa maelezo ya kawaida ni “njia ya kaskazini”. Hapa hatajwi mfalme wala kabila. Hili ni jina la mabaharia, waliofuata pwani ndefu kuelekea kaskazini.

Barafu na majani mabichi

Kitabu cha kale cha Kiaislandi kiitwacho Landnámabók kinasimulia kwamba Flóki Vilgerðarson alipoteza mifugo yake wakati wa baridi. Alipopanda mlima aliona ghuba imejaa barafu, akaiita nchi ile Ísland, nchi ya barafu. Hata hivyo, barafu ya kudumu imefunika takriban sehemu moja tu ya kumi ya kisiwa hicho.

Greenland ni kinyume chake. Barafu imefunika takriban asilimia 80 ya nchi, lakini Eiríkur Mwekundu aliiita Grænland, nchi ya kijani. Mwandishi Ari Þorgilsson, wa karne ya 12, anatoa sababu: Eiríkur alisema watu watavutiwa kwenda huko ikiwa nchi ina jina zuri.

Mapema kidogo, mnamo mwaka 1075, Adam wa Bremen, mwalimu katika kanisa kuu la mji huo, aliandika kwamba wakazi wa Greenland wana rangi ya kijani kwa sababu ya maji ya chumvi, na kwamba nchi imepata jina lake kutokana na hilo. Alikuwa msomi, lakini hakuwahi kufika huko. Jina likawa kwake ushahidi juu ya watu ambao hakuwaona.

Kuwaita wengine

Ujerumani kwao ni Tyskland. Asili ya neno tysk ni neno la kale lenye maana ya “watu”. Umbo lake la Kilatini, theodisce, limo katika barua ya mwaka 786 ambayo askofu George wa Ostia alimwandikia Papa Adriano I, akisema maamuzi ya sinodi huko Uingereza yalisomwa kwa Kilatini na pia kwa lugha ya watu.

Ufini kwa Kiswidi ni Finland, lakini Wafini wenyewe husema Suomi. Wao nao huiita Uswidi Ruotsi, neno ambalo wataalamu wengi wanalihusisha na kupiga makasia. Kwa maoni ya wengi wao, asili hiyo hiyo ndiyo iliyozaa jina Rus, na hatimaye jina la Urusi. Mzizi mmoja, nchi mbili! Asili peke yake haitoshi kutuambia ni nani anayetajwa.

Basi, mtu atauliza, ikiwa asili ya jina si maana yake, kwa nini watu hulalamikia majina? Kwa muda mrefu Waswidi waliiita Belarusi Vitryssland, yaani Urusi Nyeupe. Wabelarusi wengi walisema kwamba jina hilo linaifanya nchi yao ionekane kuwa kipande cha Urusi. Mwaka 2019 wizara ya mambo ya nje ya Uswidi ilianza kutumia Belarus, na Norwe ikafanya hivyo mwaka 2022. Vivyo hivyo Wasami wa kaskazini, waliokuwa wakiitwa Walapp, wanaliona jina hilo kuwa la dharau. Wao huiita nchi yao Sápmi.

Sioni kwamba malalamiko haya yanampinga Thomas. Tatizo lao si asili ya neno bali matumizi yake leo: anayelisikia anapelekwa kwenye kitu kisicho chenyewe, au mtu anadharauliwa. Kosa la Adam lilikuwa kulisikiliza jina bila kuwasikiliza watu. Kwa hiyo, tukitaka kulijua taifa au kabila fulani, tusiishie kwenye kamusi. Tuwaulize wenyewe wanajiitaje, kisha tuwaite hivyo.